Kabla Hujasoma Habari za Mkaa

Murusagamba, Jumamosi mchana

Mwanangu Adelina,

Marahaba.

Najua barua haianzi hivyo. Mtoto ndiye anayeamkia, mzazi akaitikia. Lakini asubuhi uliniamkia nikiwa nimeinama nafunga begi lako kwa kamba, nami nikajifanya sikusikia. Ukarudia. Nikatoka nje kutafuta kisu, na kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Wiki nzima hii nimekuwa naipokea shikamoo yako kama mtu anayepokea kitu cha wizi, na leo imenishinda. Naiitikia hapa kwenye karatasi, mahali ambapo hunioni uso.

Sasa hivi umekwenda Murukulazo kumuaga bibi yako. Mama yako yuko shambani anapalilia maharage aliyoyapalilia juzi. Nimebaki peke yangu na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa nyeupe nyuma. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala kufunga mlango, wala wanaume. Hayo mama yako atakupa yote, na ya wanaume atayarudia mara mbili. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani miaka kumi na mmoja.

Unakumbuka Jumapili iliyopita tulipokuwa tunamenya maharage uani? Ulitoa simu ukaanza kutusomea masomo ya mwaka wa kwanza. Unasoma Kiingereza, halafu unatupa kwa Kiswahili, umekaza shingo kama mwalimu mkuu. Ukasema kuna somo moja la utangulizi limechanganya fizikia, kemia, nishati na kutunza mazingira, na kila mwanafunzi wa kwenu lazima alipitie. Wiki ya kwanza, nishati ni nini. Wiki ya pili, joto linavyosafiri. Ulipofika wiki ya tatu ukacheka.

“Baba, wiki ya tatu ni kuni na mkaa! Yaani nimesoma miaka yote hii ili nikafundishwe kuwasha jiko?”

Mama yako alicheka mpaka akajifuta machozi. Wewe ukaendelea kusoma: kuungua kwa mkaa mahali penye hewa kidogo, na gesi zinazotokea. Nikainuka, maharage yakamwagika. Mlidhani tumbo limenikata.

Tumbo lilikuwa zima. Niliona tu kwamba wiki ya tatu mwalimu asiyekujua atasimama mbele yenu na kuandika ubaoni kitu kilichomuua kaka yako. Nawe utakuwa umekaa kule peke yako, na kalamu mkononi, na una akili, utaelewa kabla hajamaliza mstari. Nimekukosea mengi. Hilo la kukuacha uambiwe na ubao siliwezi.

Basi lisikie kwangu. Deo hakufa kwa sumu. Mama Leokadia hakumpa kitu kibaya. Deo alikufa kwa mkaa wangu, na mimi nilijua tangu asubuhi ile ile.

Nimeandika hayo nikaenda nje kidogo. Nimerudi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa na miaka tisa na umebaki na vipande tu.

Unajua tunavyovumbika ndizi za pombe. Shimo, majani makavu ya migomba, ndizi mbichi, majani tena, udongo juu, halafu unawasha moto pembeni na kuuelekeza moshi ndani. Siku chache baadaye unafukua ndizi mbivu. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na mimi nikafuata. Mwaka ule mvua zilijaza shimo letu maji, na Komunyo ya Kwanza ya Deo ilikuwa imekaribia. Sikutaka mwanangu wa kwanza apokee Komunyo halafu wageni wapewe soda moja moja na kuondoka wakinong'ona. Nilikuwa na kiburi hicho, nakiri. Nikaamua nizivumbike ndizi ndani ya nyumba, kwenye stoo, chumba kinachopakana na kile mlichokuwa mnalala.

Sasa tatizo likawa moshi. Deo alikuwa na kifua, unakumbuka, akivuta moshi kidogo anakohoa mpaka kunakucha. Nikafikiri sana. Nikajiona mjanja kuliko wote Murusagamba: nikatumia mkaa, kwa sababu mkaa ukishakolea hauna moshi. Majiko mawili, moja kila pembe. Nikaziba nyufa zote za kuta za nje, chini ya bati, kwa majani na udongo, upande wa stoo na upande wenu pia, joto lisipotee na ninyi msipate baridi. Kuta za ndani za nyumba yetu hazifiki kwenye bati, hata leo ukitaka kumwambia mtu kitu chumba cha pili unasema tu ukiwa umelala. Hilo halikunijia kichwani. Niliogopa moshi kwa sababu moshi unaonekana.

Nilichagua mkaa kwa ajili ya kifua chake, Adelina. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa kila siku.

Mama yako hakuwepo, alikuwa Murukulazo anamuuguza bibi yako. Mimi kupika ugali nilikuwa sijui, na sikuwa na nia ya kujua. Jioni ile nikapita kwa Mama Leokadia, jirani yetu wa upande wa chini, yule mjane ambaye watu wake walitoka Burundi wakati wa vita. Nikamwambia, “Mama, nisaidie, wape watoto chochote, nina kazi ya ndizi.” Akasema, “Wakuje.” Mkaenda, mkala, mkarudi mmeshiba mnachekana. Deo akagusa ukuta wa stoo akasema una joto, akalala upande huo. Wewe ukalala upande wa mlango. Mimi nikalala sebuleni, nimeacha dirisha wazi kidogo kwa sababu nilikuwa nimekunywa na nilitaka hewa.

Asubuhi nilikukuta uani umeanguka chini, umetapika, unalia kwamba kichwa kinapasuka. Nikakimbilia ndani kumwita Deo anisaidie.

Siwezi kuandika hapo. Nisamehe.

Nitaandika kilichofuata. Watu walipoanza kujaa uani, nilikwenda stoo kuchukua mkeka. Nikafungua mlango, na kabla sijavuka kizingiti kichwa kikanigonga. Nikaegemea mlango. Kulikuwa na yule kuku wetu wa rangi ya majivu, alikuwa anaatamia mle pembeni juu ya mayai kumi. Alikuwa amekufa, bado amekaa juu ya mayai yake, macho wazi. Kuku yule hakula kwa Mama Leokadia. Kuku yule hakuwa amekula kwa mtu yeyote. Nilisimama pale nikimtazama, na nilielewa. Jina la kitu chenyewe sikulijua, lakini nilielewa.

Nikafungua dirisha la stoo, nikayamwagia majiko maji. Kuku nikamfunga kwenye gunia nikapita nyuma ya nyumba, nikamzika chini ya mgomba, yeye na mayai yake. Nikanawa mikono. Kisha nikarudi kwa watu.

Niliporudi nilikukuta umekalishwa kwenye kiti cha babu, kile kirefu, miguu yako haifiki chini. Umefunikwa kanga. Watu wazima wamekuzunguka. Shangazi yangu akakuuliza, “Jana mlikula wapi?”

Ukajibu, “Kwa Mama Leokadia.”

“Wote wawili?”

“Wote wawili.”

Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kile kiti. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina ndevu, naheshimika kanisani. Mikono yangu bado ilikuwa na maji. Ningesema maneno mawili tu. Ningesema, njooni stoo. Sikusema. Nilisikia watu wanaguna, nikaona macho yanageuka kuelekea upande wa chini, na unajua nilihisi nini? Nilihisi nafuu. Mungu anisamehe, mwanangu amelala ndani hajapoa vizuri na mimi nahisi nafuu kwamba amepatikana mwingine.

Hakuna aliyempiga. Huku kwetu hatukuhitaji kumpiga. Waliacha kumwamkia. Wanawake wakaacha kuchota maji akiwa kisimani, wakawa wanasubiri pembeni mpaka aondoke. Mtu fulani aling'oa mihogo yake akaiacha palepale ikauke. Leokadia wake alikuwa rafiki yako, mlikuwa mnaruka kamba pamoja, na shuleni akawa anakaa dawati peke yake. Mwezi wa pili tangu mazishi wakapakia vitu vyao kwenye Fuso wakaenda Nyamigogo, kule Biharamulo, alikokuwa na ndugu.

Siku moja kabla hajaondoka alinikuta shambani. Hakupiga kelele. Alisimama mwisho wa tuta akasema, “Baba Adelina, mimi niriwapa ugari na maharage, na wewe ndiye uriniomba. Waambie basi kwamba uriniomba.”

Alikuwa haombi nimtetee kwa jambo lingine lolote. Alitaka watu wajue tu kwamba hakuwaita watoto wangu kwake, kwamba walitumwa na baba yao. Hata hilo sikumpa. Nilitazama jembe nikaanza kukwangua udongo kwenye mpini. Mikono yangu hupata kazi haraka sana pale mdomo unapotakiwa.

Na ndizi zile, kama unataka kujua, ziliiva vizuri kabisa. Shemeji zangu walizikamua wakati wa matanga, na siku ya kuanua watu walikunywa wakasifu. Nilipewa mrija na mimi. Nilikunywa. Tangu siku hiyo sijavumbika tena, nawe umekua ukinisikia nasema nimeacha pombe kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Sina vidonda vya tumbo.

Habari za kitu chenyewe nilizipata baadaye, ingawa jina lake la Kiingereza sikulishika. Alikuja mhudumu wa afya kuzungumza nasi baada ya misa. Alisema mkaa ukiungua mahali palipozibwa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri, na mtu anaweza kufa usingizini bila kugutuka. Alisema dalili yake ni kichwa na kutapika, watu wengi hudhani mtu amekula kitu. Akauliza kama kuna mwenye swali. Niliinama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Nilikwenda kuungama. Padri akanipa sala, na akasema niende kwa yule mama. Sala nilisali zote, tena nikazidisha. Nilifanya nusu ile iliyo rahisi.

Sasa nije kwako, kwa sababu hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilidhani ulikuwa mdogo mno kuelewa. Kumbe ulielewa vingine. Tangu siku ile hujawahi kula kwa watu. Harusi, ubatizo, hata kwa shangazi yako, unapokea sahani, unaizungusha, unampa mtoto wa pembeni. Tulisema una maringo. Nikakutania mimi mwenyewe, nikakuita mke wa waziri. Halafu mwaka jana, ulipokuwa na malaria ukiweweseka, nilikuwa nimekaa kando yako na ulisema kitu. Ulisema, “Mimi ndiye niliyewaambia. Leokadia amehama kwa sababu yangu.” Ulisema zaidi ya mara moja. Asubuhi ulipopata nafuu ukaniomba chai, na mimi nikakuletea chai, nikanyamaza tena.

Kumbe miaka yote hii nimekubebesha mzigo wangu, na wewe umeubeba bila kuuliza ni wa nani. Nalia ninapoandika hapa, sitaki kukuficha, utaona wino umemwagika. Uliulizwa ulikula wapi, ukasema ulikokula. Mtoto wa miaka tisa hana kingine cha kusema. Uongo ulikuwa wangu, nami niliusema kwa kunyamaza, nikauweka juu ya kichwa chako kwa sababu kichwa chako kilikuwa karibu.

Kuna siku moja kabla ya hayo yote, ulikuja kwenye shimo nikiwa navumbika, ukauliza, “Baba, moshi unaivishaje ndizi?” Nikakujibu kwamba mtoto wa kike haulizi mambo ya shimo, ukalete majani. Nimeikumbuka siku ile mara nyingi. Laiti ningesema sijui, twende tukamuulize anayejua. Sikuwa na haya ya kutojua, nilikuwa na haya ya kuonekana sijui mbele ya mtoto. Huko uendako watakuwepo watu wa namna yangu, tena wenye digrii. Wewe uliza tu. Ukijibiwa vibaya, uliza tena.

Na ukifundishwa kwamba mkaa unaharibu dunia, na milima imebaki vipara, yote ni kweli, mimi mwenyewe nimekata miti ya mlima huu nikachoma tanuri. Ila usirudi kutucheka. Huku mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na gesi ya mtungi ni ya wenye mishahara. Tuonyeshe pa kufungua dirisha kwanza. Hayo mengine yatakuja.

Mama yako nilimwambia Jumatatu. Unadhani amenyamaza kwa sababu unaondoka. Hapana. Hajanisemesha tangu siku hiyo, ananiwekea chakula na kuondoka, anakwenda shambani kupalilia pasipo na magugu. Ana haki. Aliacha watoto wawili mikononi mwangu kwa siku mbili. Nilimwomba asikuambie, nikasema nitakuambia mimi, akachukua jembe akatoka. Leo usiku nitawaachia chumba, ulale naye kitanda kimoja.

Nilikuwa nikuambie kwa mdomo. Nimejaribu Jumanne, nimejaribu Alhamisi tukiwa tunatoka sokoni. Unaniambia, “Baba, mbona umesimama?” halafu unacheka kile kicheko cha Deo, ambacho hujui kama unacho, na mimi naanza kutembea tena.

Kesho nitakusindikiza. Umefurahi, umesema siku zote nilikuwa nakataa kusafiri. Hujauliza kwa nini tiketi yangu inaishia Biharamulo, au umedhani nakwenda kutafuta mbegu. Nitateremka pale na nitakupa daftari hili dirishani, na utakuwa unalisoma basi likiwa limeshaondoka. Ni woga, najua. Lakini naogopa nikikuona uso wako unapolisoma nitapata tena kitu cha kufanya na mikono.

Kutoka hapo nitapanda bodaboda mpaka Nyamigogo. Muuza maharage mmoja anayekwenda kule aliniambia Mama Leokadia yupo hai, ana mahindi, magoti yamemchoka. Leokadia ana watoto. Mama huyo ni mkubwa kwangu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeamkia. Sijui kama ataitikia. Akiniachia mbwa, sawa. Nitamwambia habari za kuku, na za dirisha, na kwamba nilimwomba. Kisha nitarudi huku nikaseme hayo hayo kwenye jumuiya, mbele ya wale waliokizunguka kile kiti, wale waliobaki hai. Wakiniweka pembeni ya kisima, nitasubiri zamu yangu.

Wewe sikuombi kitu. Ukinipigia simu nitapokea. Usiponipigia, nitauliza kwa mama yako kama umefika salama, kama atakuwa ananisemesha. Shikamoo yako sitaidai. Siku ukiona unaweza, nitaitikia kwa sauti, hata kama nafunga begi.

Wiki ya tatu usikose darasa. Kaa mbele. Mwalimu atakapoandika jina la ile hewa ubaoni, liandike vizuri, kwa herufi zako zile nzuri, na chini yake andika Deogratias. Akiuliza kama kuna mwenye swali, usiinamie viatu.

Na mtu akikukaribisha chakula huko, kaa ule, mwanangu. Ulisema kweli siku ile. Mlikula kwa Mama Leokadia, na chakula chake kilikuwa kizuri.

Baba yako